Mbona siku ya mahafali akamtaja Hassan?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza The Kite Runner, riwaya ya Khaled Hosseini kuhusu Afghanistan, na kuna mahali pamenikwama kooni. Tangu utotoni Amir anahangaika angalau baba yake amtazame kwa jicho zuri. Mwaka 1983, wakiwa wakimbizi California, anamaliza sekondari. Baba anamwambia anajivunia, anampa gari. Halafu usiku uleule anasema laiti Hassan angekuwa nasi leo. Najua mwishoni tunaambiwa Hassan naye ni damu ya Baba, lakini Amir wakati ule alimjua kama mtoto wa mtumishi tu. Baba gani huyu, hata siku moja ya mwanawe hawezi kumwachia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi pia niliposoma mara ya kwanza nilimwona Baba ana roho ngumu. Baba yangu mwenyewe alikuwa akitia sahihi ripoti yangu ya shule kwa kuiegemeza ukutani, amesimama, hasomi, kisha anairudisha. Kwa hiyo nilikuwa upande wa Amir kabla hata sijafungua kitabu.

Sasa mtazame huyo Amir. Mama yake alifariki akimzaa, naye moyoni anajihesabu kuwa ndiye aliyemuua. Deni hilo anataka kulilipa kwa baba. Anapelekwa kutazama buzkashi, mchezo wa wapanda farasi wa Afghanistan, mpanda farasi mmoja anakanyagwa, mtoto analia njia nzima. Jioni anajificha mlangoni na kumsikia Baba akimwambia rafiki yake Rahim Khan kwamba kama asingemwona daktari akimtoa tumboni mwa mkewe, asingeamini ni mwanawe. Anaandika hadithi yake ya kwanza, Baba hana habari nayo. Rahim Khan ndiye anayeiomba aisome. Ndipo siku moja Baba anasema tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba huenda mwaka huu akashinda mashindano ya tiara. Basi! Kwa mtoto wa miaka 12 sentensi hiyo inatosha kuliuza jambo lolote. Na aliliuza. Majira ya baridi ya 1975 alisimama kwenye kona ya kichochoro akaona Hassan anavyotendewa unyama na wavulana wengine, asitoe sauti, kwa sababu nyuma ya Hassan ilikuwapo tiara ya buluu, ya ushindi, ambayo Baba alikuwa akiisubiri nyumbani.

Alikumbatiwa, ndiyo. Furaha hiyo haikudumu.

Lakini mahali ambapo ningependa ukae zaidi ni pale Amir anapoficha saa na fedha chini ya godoro la Hassan ili aonekane mwizi. Baba amemfundisha miaka yote kwamba dhambi ni moja tu, wizi, na nyingine zote ni namna za wizi. Hassan anakiri kosa asilolitenda. Na Baba anasema hapohapo: nimekusamehe. Ali, yule mtumishi, anapokataa kubaki na kumchukua mwanawe waondoke, Baba analia, na Amir hajawahi kumwona akilia. Msomaji makini hapo anapaswa kushtuka. Mtu wa misimamo vile anamlilia mtoto wa mtumishi aliyeiba saa?

Ndiyo maana nakuambia kauli ya usiku wa mahafali haikuwa mshale kwa Amir. Baba alikuwa na watoto wawili, akasherehekea na mmoja. Barua ya Rahim Khan kwa Amir inalisema wazi: hakuweza kumpenda Hassan hadharani, uchungu wake ukamwangukia Amir. Kwa maneno mengine, kijana alikuwa anashindania kitu ambacho hakikuzuiwa na upungufu wake. Hata angerudi na tiara 100.

Na usilipuuze neno lenyewe. Katika riwaya, anapomwambia Amir anajivunia, Baba anasema moftakhir, neno la Kifarsi lenye mzizi uleule wa Kiarabu tulioupata sisi katika fahari. Nami huwa najiuliza kama fahari ndiyo aliyokuwa akiitafuta Amir. Sisi tuna neno jingine, radhi, na hilo halipatikani kwa cheti wala kwa gari la Gran Torino. (Gari lenyewe Amir alilipenda, tusimwonee.)

Ukiniuliza radhi iko wapi, nitakupeleka kwenye ugonjwa wa Baba. Saratani imemmaliza, mkwewe Soraya, mke wa Amir, yuko kitandani pake anamsomea. Anachomsomea ni hadithi za Amir, katika daftari la jalada la ngozi ambalo Rahim Khan alimpa kijana alipotimiza miaka 13. Kurasa hizo, nadhani, ulizipita haraka kwa sababu ulikuwa bado umekasirikia mahafali. Zirudie, kisha uniandikie tena.