Watu Saba Ukumbini: Panda, Lakini Anza na Salamu

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: umejiandaa kufanya jambo mbele ya watu, wamekuja wachache mno; uendelee, uahirishe, au urudishe viingilio? Mchana nauza vifaa vya ujenzi Buguruni, hapa Dar es Salaam. Jioni nachekesha kwenye kumbi ndogo za baa, Mabibo, Sinza, Temeke, zile siku za katikati ya wiki ambazo mwenye baa hana bendi, kwa hiyo sisi chipukizi tunapewa maiki. Kumbi za watu wachache nazijua vizuri. Jibu langu ni endelea, ila usiwape watu saba onyesho uliloliandaa kwa ajili ya watu mia.

Kwanza tuelewane kuhusu viti vitupu, maana wanaoanza hudhani wamekataliwa. Masika yakichachamaa, Jangwani inajaa maji, Barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na mtu anayetoka kazini Posta hawezi kufika Mabibo hata kama alitaka kwa moyo wake wote. Simba na Yanga wakikutana jioni hiyo, hakuna mchekeshaji nchi hii atakayewashinda. Tarehe 20 nayo, mshahara wa mwezi uliopita umeshakwisha na ujao hauonekani. Hayo hayahusiani kabisa na ubora wa vichekesho vyako.

Halafu ukimya wenyewe. Hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtafiti Mmarekani, Robert Provine, aliwapa wanafunzi wake madaftari ya kuandika kila walipocheka. Akakuta kwamba mtu aliye na wenzake hucheka mara 30 zaidi ya aliye peke yake. Alipowasikiliza watu wakizungumza mitaani na madukani, akaona pia kwamba vicheko vingi havifuati kichekesho chochote. Vinafuata maneno ya kawaida tu, "haya bwana, tutaonana". Kicheko ni jambo la kuwa pamoja. Sasa tazama ukumbi wenye viti sitini vya plastiki na watu saba: wawili wapo karibu na mlango, mmoja kaegemea nguzo na simu yake, mama mmoja kakaa karibu na jiko, wengine wametawanyika. Hao kila mmoja yuko peke yake. Anayetaka kucheka anaogopa sauti yake itasikika yenyewe ukumbi mzima, basi anabana. Ukimya huo usiuchukue kuwa ni hukumu.

Na kuna suala la sauti. Kuta za saruji, paa la bati, viti vitupu: maneno yanagonga na kurudi. Watu wakijaa, miili na nguo zao hunywa mwangwi. Wasipokuwepo, panchi, yaani lile neno la mwisho linalochekesha, inafika ikiwa imemezwa nusu. Kwa hiyo mimi huzima maiki, nashuka jukwaani, nabeba kiti changu hadi waliko. Kuwaomba wasogee mbele mara nyingi hakusaidii. Watu wetu wana haya, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Ukisogea wewe, yule wa nguzoni naye anavuta kiti.

Kinachofuata ni salamu. Ukumbi uliojaa unausalimia kwa mkupuo mmoja, "Dar mpo?", wanaitikia, kazi inaanza. Watu saba huwezi kuwafanyia hivyo, ni utovu wa adabu. Kuna mzee, shikamoo yake anastahili, na unasubiri marahaba. Kuna dada katoka kazini, unampa pole ya kazi. Unauliza mtu anakaa wapi, anafanya nini, foleni ilikuwaje. Nimeona wachekeshaji wazuri wakiruka hatua hii kwa kuwa hawakuiandika kwenye daftari lao, wakapiga kisa cha kwanza kwa sauti ya uwanja wa mpira. Ni kama kuendesha mkutano wa hadhara sebuleni kwa mtu. Ukishasalimiana na watu wote, tayari mna baraza, na hapo kuchekesha kunawezekana.

Nina kisa changu cha mafundi cherehani na "njoo kesho" yao, ambacho kila mtu aliyewahi kushona nguo ya harusi mjini hapa anakijua kwa maumivu yake. Jioni moja ya mvua nikakianza mbele ya watu wachache wa namna hiyo. Kaka mmoja akanyoosha mkono: "Mimi ni fundi." Nikanyamaza, nikamwachia. Akasema, kwa uchungu kabisa, "Nyie kitambaa mnakileta Alhamisi, harusi Jumamosi, na picha mnayonionyesha kwenye simu ni ya mtu mwembamba." Yule mama wa jikoni alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Mzee akamgeukia jirani yake, wakaanza kusimuliana habari za fundi wa Kariakoo wa zamani zao. Nusu saa nzima tulikuwa kwenye nguo, vipimo na shughuli za kudaiwana. Sehemu ile ya fundi ndiyo naitumia mpaka leo, kwa ruhusa yake, na kwenye kumbi kubwa ndiyo inayopokelewa kuliko zote. Mimi peke yangu nisingeitunga.

Jambo hili si geni kwetu. Wazaramo na Wanyamwezi wana utani tangu enzi za misafara ya wapagazi kutoka bara kuja pwani, Wangoni na Wahehe wana utani uliotokana na kupigana vita. Nenda msibani uone mtani anavyozuia jeneza mpaka apewe chochote, anavyojilaza kaburini, wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka. Kazi hiyo haihitaji umati. Inahitaji kumjua unayemtania, na kujua mwisho wa ruhusa yako. Kwenye ukumbi mtupu hilo ni zito zaidi. Katikati ya watu mia, ukimtania mtu kwa unene wake anaweza kujificha kwenye kelele za wengine. Katikati ya saba hana pa kujificha. Mimi sigusi mwili wa mtu wala umaskini wake. Kazi, mtaa na safari ya daladala vinatosha.

Nadhani tatizo la kizazi chetu linatokana na tulikojifunzia. Wengi tulilelewa na Ze Comedy pale EATV, kisha Orijino Komedi pale TBC, maigizo ya kundi ambayo mtazamaji humwoni. Kusimama peke yako na maiki kulikuja baadaye. Evans Bukuku ni miongoni mwa waliofungua njia hapa Dar, na jukwaa la vichekesho la Cheka Tu limewatoa vijana wengi. Leo chipukizi anatazama vipande kwenye simu, kila kimoja kinaishia kwa ukumbi kulipuka, anaamini hicho ndicho kicheko pekee. Kicheko cha watu saba ni mabega kutikisika. Ni mtu kumpiga mwenzake begani, ni "we acha tu" ya chinichini. Mwenye sikio anakisikia na kuendelea, asiye nalo anakata tamaa dakika ya tatu na kusema shoo imebuma.

Jambo moja siwezi kulivumilia: mchekeshaji kupanda na kuanza kuwalaumu waliopo kwa ajili ya wasiopo. "Mbona mmekuja wachache?" Hao ndio waliopanda bajaji kwenye mvua, wakalipa kiingilio, wakakaa. Unawagombezaje? Na kuwakatia onyesho robo saa kwa sababu ni wachache nako naona ni kuwadhulumu. Wapewe muda wote ulioandikwa kwenye tangazo.

Kuhusu kiingilio: mkifanya onyesho, msirudishe, mkiahirisha, rudisheni palepale mlangoni pamoja na nauli ikiwezekana. Tunapofanyia sasa tulikubaliana na meneja kwamba aliyekuja siku ambayo hata kumi hawakufika, safari ijayo anaingia bure na mwenzake mmoja. Majina yanaandikwa kwenye daftari la kaunta, na mhudumu hulikagua kabla hajaomba hela.