Gari la spoti Tanga lihudumie kwa kalenda, si kwa kilomita

Nilikuwa nashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kona baada ya kona, pedali ya breki ikaanza kulainika. Nikakanyaga, ikazama nusu. Nikakanyaga tena, ikakaribia sakafu. Nikarudisha gia ya pili, injini ikalishika gari, nikasogea pembeni palipokuwa na nafasi. Nikabaki nimekaa, mikono inatetemeka, harufu ya pedi zilizoungua inaingia dirishani. Baada ya nusu saa hivi breki zikarudi kama hakuna kilichotokea.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI lililotoka Japani, injini ya lita 2 yenye tabo (feni inayosukumia injini hewa ya ziada), nguvu za farasi 280. Halikuwa limechoshwa. Kwa miaka mitatu niliyokuwa nalo lilikuwa halijafikisha hata kilomita 8,000, kwa kuwa nililionea huruma: Jumapili mpaka Pongwe na kurudi, siku nyingine zote limelala nyumbani Raskazone, kando ya bahari, chini ya turubai. Niliamini huko ndiko kulitunza.

Nikalipeleka kwa fundi wangu wa Ngamiani, mzee aliyeanza kushika spana kabla sijazaliwa. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuuliza mengi. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akanionyesha: badala ya njano hafifu, yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea.

"Umeyabadilisha lini?"

"Kilomita bado, mzee."

"Mwanangu, haya hayahesabu kilomita."

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hupenya kidogo kidogo kupitia mipira na kifuniko, gari litembee lisitembee. Na hewa yetu ya pwani imejaa maji mwaka mzima. Mafuta ya daraja la DOT 4, kama yangu, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Mteremko mrefu wa Lushoto, na dereva asiyeacha kukanyaga, unaweza kuifikisha breki huko. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali inazama bila kusukuma kitu. Sasa nayabadilisha kila mwaka, na nanunua kopo dogo lililofungwa. Lililobaki nusu tangu mwaka jana situmii, hata kama limekaa kabatini.

Siku ile tuliliinua gari zima, na ndipo nilipoumia zaidi. Diski za nyuma zilikuwa na kutu, breki ya mkono imenata, viunganishi vya nyaya vina ukungu wa kijani. Chumvi ya Raskazone haina tabia ya waja leo waondoka leo, ikishaingia inakaa. Na lile turubai la plastiki lilikuwa linafungia unyevu ndani. Nimelitupa. Gari sasa linakaa kwenye kivuli kinachopitisha upepo, na kila wiki mbili naliosha chini kwa maji yasiyo na chumvi, hasa upepo wa baharini unapovuma sana. Nikimaliza kuosha naliendesha kidogo nikikanyaga breki ili diski zikauke. Likilala siku nyingi sivuti breki ya mkono. Naliacha kwenye gia, naweka mawe chini ya tairi.

Oili ndiyo roho ya injini ya tabo. Mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, umeelea juu ya oili tu. Namwaga oili kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, kitakachotangulia, na kila wiki navuta stiki ya kupimia oili gari likiwa mahali tambarare, kwa sababu injini hizi huila oili bila kuvuja. Safari fupi za mjini ni mbaya kuliko unavyodhani: oili haipati joto la kutosha kukausha maji na petroli vinavyoingia humo. Afadhali mara moja kwa wiki nifike Muheza na kurudi, nikianza taratibu mpaka oili ipate moto, na kilomita za mwisho niende polepole ili tabo ipoe kabla ya kuzima.

Petroli sina mengi: injini hii ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, yaani isiyolipuka kabla ya wakati wake. Usiweke ya vidumu. Ukisikia inagonga unapopanda mlima, toa mguu, maana pistoni zake huweza kupasuka.

Tairi zilikuwa na kashata nzuri, mifereji bado ina kina, nikazisifu. Mzee akanisomesha tarakimu nne za mwisho ubavuni, baada ya herufi DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zilikuwa na miaka tisa. Tukazitoa zote nne.

Umebaki mkanda wa taimingi, ule unaozifanya vali zifunguke na kufunga kwa kufuatana na pistoni. Kitabu kinasema kilomita 100,000, na dashibodi inaonyesha 71,000. Lakini mkanda ni mpira, sina karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, na ukikatika vali hugonga pistoni, injini imekwenda. Nimeshaagiza mkanda, roli zake na pampu ya maji, vifungwe pamoja. Mpaka mzee avifunge, Lushoto napanda basi.