Sikio la Fundi: Soma Maandishi Madogo ya Nyuma

*Mwandishi wa safu hii alitengeneza redio Ngamiani, Tanga, kwa miaka mingi kabla mikono haijaanza kutetemeka. Sasa anajibu barua zenu.*

Shikamoo Fundi. Nina miaka 24, nauza vifaa vya ujenzi hapa Arusha. Napenda muziki wa magitaa, nilianza na Nirvana nikiwa sekondari. Shida yangu ni programu ya muziki ya kwenye simu: inanizungusha kwenye bendi kumi zilezile ambazo kila mtu anazijua. Nataka bendi ambazo hapa kijiweni hakuna aliyewahi kuzisikia. Naanzia wapi? Na tafadhali usiniambie nisikilize taarabu.

Marahaba, mwanangu. Taarabu hutaambiwa na mimi. Itakuja kukuchukua yenyewe ukishaoa.

Mlango unaoutafuta umeuegemea. Hao Nirvana wako walikuwa mashabiki kwanza, na mwimbaji wao Kurt Cobain hakuwa mchoyo wa kutaja aliowapenda. Kulikuwa na bendi ya Glasgow, Uskoti, inaitwa The Vaselines: Eugene Kelly na Frances McKee, wanaimba kama wanafunzi wanaochekeana mwalimu akigeukia ubaoni. Nirvana walizirekodi nyimbo zao tatu. Mmoja ni ule waliouimba New York Novemba 1993, kwenye onyesho la MTV la magitaa makavu, yule wa besi akashika kodiani. Mpaka leo kuna watu watakuapia kwamba wimbo ule ni wa Nirvana.

Tena Cobain aliorodhesha kwenye daftari lake albamu 50 alizozipenda. Humo utawakuta Young Marble Giants wa Cardiff, Wales, na albamu yao Colossal Youth ya mwaka 1980. Ndugu wawili, Stuart na Philip Moxham, wa gitaa na besi, na Alison Statton anayeimba kama mtu anayeosha vyombo akidhani nyumbani hakuna mtu. Mpiga dramu hawana, mapigo yanatoka kwenye kikasha cha umeme. Nilipoisikia mara ya kwanza niliinuka kuangalia kama spika moja imekufa. Spika zilikuwa nzima zote mbili.

Lakini nikikutajia majina tu, mwezi ujao utaniandikia tena. Ngoja nikusimulie nilivyojifunza mimi, kwa aibu.

Mwaka 1988 baharia mmoja aliniletea redio kaseti yake pale Barabara ya 12. Alikuwa ametoka nchi ambayo, kwa maneno yake, kondoo ni wengi kuliko watu. Redio ilikuwa imekula mkanda, umejisokota kwenye rola. Nikafungua skrubu tano za kaseti, nikaunyoosha mkanda kwa ukucha wa kidole gumba, nikaurudisha ndani kwa kuuzungusha na kalamu ya Bic. Nikaupiga. Gitaa lipo, kinanda kipo, sauti ya mtu ipo, lakini juu yake kuna uvumi, shhhh, kama mafuta ya samaki jikoni kwa jirani.

Nikasema hedi, kile kidude kinachosoma mkanda, imechafuka. Nikaisugua kwa pamba na spiriti. Bado. Nikachukua bisibisi ndogo, nikaanza kucheza na ile skrubu inayoinamisha hedi, robo mzunguko huku, robo kule, karibu saa nzima, jasho linanitoka, wateja wananisubiri. Nilipomaliza, kaseti yoyote uliyoweka kwenye redio ile ilisikika kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Na uvumi bado upo. Redio haikuwa na ubovu wowote zaidi ya kula mkanda. Ubovu niliuleta mimi. Ule muziki ndivyo ulivyorekodiwa!

Baharia hakurudi, kaseti ikabaki. Haikuwa na picha wala jalada, imeandikwa kwa mkono tu: upande mmoja The Clean, upande wa pili The Chills. Kwa karibu miaka 20 nilijua kwamba ni Waingereza, na nilimwambia hivyo kila aliyeuliza, kwa uhakika wa fundi. Mpwa wangu akaja na intaneti yake, dakika tano tu: New Zealand, mji wa Dunedin, kusini kabisa, mji wa chuo kikuu na upepo wa baridi.

Hapo ndipo kaseti ilipofunguka. The Clean walikuwa ndugu wawili, Hamish na David Kilgour, pamoja na Robert Scott wa besi. Mwaka 1981 meneja mmoja wa duka la santuri mjini Christchurch, Roger Shepherd, alianzisha lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, akaiita Flying Nun. Singo ya kwanza ya The Clean ilirekodiwa kwa dola 50 za kwao. Ikaingia kwenye chati ya taifa mpaka nafasi ya 19. Kazi iliyofuata, ya nyimbo tano, wakarekodiwa na Chris Knox na Doug Hood kwenye ukumbi mmoja Auckland, kwa mashine ya tepu ya TEAC yenye njia nne, yaani nafasi nne za kurekodi sauti mbalimbali. Studio kubwa za wakati ule zilikuwa na njia 24. Ukiwa na nne zikajaa, unazimimina mbili tatu kwenye moja ili upate nafasi, na kila kumimina kunaongeza uvumi. Kisha mtu akainakili nyumbani kwenye kaseti ampe baharia, uvumi mwingine juu yake. Hayo ndiyo mafuta ya samaki niliyokuwa napigana nayo kwa bisibisi.

Sasa tazama mikono. Huyo Knox aliyeshika mashine alikuwa mwimbaji wa bendi inaitwa Toy Love. Mpiga besi wa Toy Love, Paul Kean, akaja kukutana na Robert Scott wa The Clean, pamoja na Kaye Woodward na Malcolm Grant, wakaunda The Bats. Watu wanne, na kwa miongo wakabaki walewale wanne, jambo ambalo hata vikundi vya kufa na kuzikana hapa kwetu haviliwezi. Bendi tatu umeshazipata, na hujauliza programu yoyote.

Kwa hiyo usitafute bendi. Bendi ni mpangaji. Wewe tafuta nyumba, yaani lebo ndogo, ingia mpaka uani, utawakuta wapangaji wote wanachota maji kwenye bomba moja. Jina la nyumba huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, karibu na jina la aliyerekodi na orodha ya wanaoshukuriwa. Soma hayo kwanza. Kwenye simu ni hivyohivyo, mara nyingi jina la lebo lipo chini kabisa ya ukurasa wa albamu, ambako hakuna anayeshuka kuangalia.

Nyumba nyingine ya kugonga hodi ni Sarah Records ya Bristol, Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1987 na vijana wawili, Clare Wadd na Matt Haynes, kila mmoja akiwa ametokea kwenye kijarida chake cha kutoa fotokopi. Walipofikisha toleo namba 100, mwaka 1995, wakafunga duka kwa hiari yao wakiwa bado wanapendwa. Humo waulizie The Field Mice, The Orchids na Heavenly. Magazeti ya muziki ya London yaliwacheka sana, eti muziki wa watu waoga, laini mno. Nami nakiri Field Mice kwa saa mbili mfululizo unaweza kutamani mtu apige kelele. Kwa nusu saa, usiku, mvua inanyesha kwenye bati, sijui kitu kinachowazidi.

Na kwa kuwa unatumia bando, nikupe njia ya siku hizi. Kuna mtandao unaitwa Bandcamp, upo tangu 2008, wanamuziki wanauza kazi zao wenyewe. Kwenye ukurasa wa albamu utaona vipicha vidogo vya walioinunua. Gusa kipicha kimoja, unafunguliwa kabati la mtu huyo, kila alichonunua. Ukikuta mtu ana albamu mbili unazozipenda na 60 usizozijua, huyo ndiye kijiwe chako. Bendi nyingi humo zinakuruhusu kusikiliza kabla ya kulipa.

Neno moja la ukali kabla sijakuacha. Unasema unataka bendi ambazo kijiweni hakuna aliyezisikia. Wapo wasiojulikana kwa kuonewa, na wapo wasiojulikana kwa haki kabisa. Usije ukaanza kupenda kitu kwa sababu wenzako hawana.

Fundi, salaam kutoka Muscat. Mimi ni mama wa watoto watatu, asili yetu Unguja. Nilizipenda bendi zako, nikatengeneza orodha ya nyimbo 40 nikaituma kwenye kundi la familia. Watu 31. Siku tatu kimya, halafu binamu yangu mmoja akaandika "Inshallah". Nimekosea wapi?

Bibie, "Inshallah" ya kwenye kundi la familia tunaijua sote maana yake.

Nyimbo 40 si zawadi, ni kazi ya nyumbani. Hesabu: dakika tatu tatu, ni saa mbili za maisha ya mtu anayepika, anayelea, anayesubiri daladala. Nami nilikuwa na ugonjwa huohuo. Mteja alikuwa akiingia nampigia The Chills kwanza, namweleza kuhusu kinanda, namrudishia mkanda asikie tena. Siku moja mama mmoja alinitazama mpaka wimbo ukaisha, akasema, "Fundi, mimi nimekuja kuchukua pasi."

Tuma wimbo mmoja kwa mtu mmoja, tena si kwenye kundi, na useme kwa nini yeye. Usimwambie ni muziki wa aina gani, hayo hayamsaidii. Mwambie asikilize nini. Ukiwa na mdogo wako aliyeimba kwaya au kaswida shuleni, mtumie Look Blue Go Purple. Ni wasichana watano wa Dunedin kulekule, walianza mwaka 1983, wakatoa kazi tatu fupi kisha wakaachana. Sauti zao zinaingiliana bila mmoja kumkanyaga mwenzake, na ghafla inatokea filimbi, filimbi ya kweli, katikati ya magitaa ya rock. Mwandikie: "Ngoja filimbi." Basi. Mtu akiambiwa angoje kitu, atangoja.

Asipojibu, mwache. Kuna wimbo niliwahi kuupuuza, nikaurudia baada ya miaka sita nikajiuliza masikio yangu yalikuwa wapi. Ila binamu wa "Inshallah" usimtumie chochote kwanza. Muulize yeye anasikiliza nini siku hizi, kisha kisikilize mpaka mwisho. Pengine hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mhariri, huyu Fundi wenu anawapoteza vijana. Rock si yetu. Sisi tuna dansi, taarabu na ngoma zetu. Mzee mstaafu, Dodoma.

Shikamoo mzee wangu. Dansi nalipenda, na ukija Tanga tutalicheza mpaka magoti yakatae. Ila hilo la "si yetu" naomba nilipinge kwa adabu.

Pale Dar es Salaam, miaka ya 1970, kulikuwa na bendi inaitwa Sunburst. Magitaa yenye moto, kinanda, Kiswahili na mapigo ya kwetu ndani yake, uongozi wa Hembi Flory Kongo aliyetoka Kongo, na sauti ya James Mpungo. Walitoa santuri ndogo kadhaa, kisha wakaelekea Zambia, ambako vijana wa huko walishawasha moto wa rock wao wenyewe: WITCH ya Jagari Chanda, Amanaz, na Musi-O-Tunya waliowahi kuja kufanya kazi Nairobi. Mwaka 1976 Sunburst wakatoa albamu Ave Africa. Ikapotea. Mwaka 2016 lebo ya Strut ya London ndiyo iliyokusanya kazi zao na kuzitoa upya. Vijana wa Ulaya wakazipokea kama bendi ndogo isiyojulikana waliyoigundua, kama mimi na kaseti ya baharia, wakati waliozicheza wakiwa ukumbini Dar bado tunao, wanauguza magoti.

Wewe umestaafu, kwa hiyo kwa hesabu zangu miaka ile ulikuwa kijana. Angalia chini ya kitanda, kwenye yale masanduku ambayo mkeo anataka yatupwe. Ukikuta santuri ndogo yenye jina hilo, tafadhali usiipige kwenye ile gramafoni ya ukumbini. Sindano iliyotumika miaka 30 bila kubadilishwa imeshakuwa patasi, itachimba mfereji mpya. Ifute vumbi kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, usikatishe, kisha ipeleke kwa mwenye sindano mpya. Ukikosa, mimi ninayo.