Kila Doa na Asili Yake: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kupaka na Kuchakaza Modeli za Ndege

Maswali ya safari hii karibu yote yamegusa hatua moja: gundi imekauka, puti imepigwa msasa, sasa ndege ya plastiki ifanane vipi na ile iliyoruka kweli? Nimejibu kwa kirefu pale ninapoona watu wengi wanakwama, na kwa kifupi pale jibu lilipo fupi.

Nimeunda Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya kipimo cha 1/72, nikaigonga kwa sifongo yenye rangi ya fedha ili ionekane imetumika. Wenzangu wanasema imekuwa kama ina upele. Nimekosea wapi?

Kwanza ni ukubwa. Katika 1/72, doa la milimita 1 ni doa la sentimita 7.2 kwenye ndege halisi. Ukigonga madoa hamsini ya namna hiyo, umechora ndege iliyobanduka vipande vya upana wa kiganja kila mahali. Chovya sifongo kwenye rangi, kisha igonge kwenye karatasi mpaka udhani rangi imekwisha. Hapo ndipo ianze kugusa modeli. Kwa kipimo hiki mimi naamini zaidi penseli ya rangi ya fedha iliyochongwa vizuri, kwa sababu unaweka nukta moja pale unapoitaka.

Pili, na hili ndilo kubwa, ni mahali. Rangi ya ndege huchubuka inapoguswa. Rubani wa Spitfire alipanda kutoka kushoto, kwenye kimlango kidogo, akikanyaga shina la bawa la upande huo. Mafundi walifungua vifuniko vya injini na vya bunduki kila siku, kwa bisibisi na mikono yenye grisi. Ncha ya mbele ya bawa na ya rafadha ilipigwa na vumbi na changarawe. Huko ndiko kwa kuchubua. Nyuma ya kiwiliwili, kati ya kiti cha rubani na mkia, ni nani aliyepita hapo na buti? Paache.

Tatu, jiulize chini ya rangi kuna nini. Usukani wa mkia wa Spitfire ulifunikwa kwa kitambaa, na kitambaa hakina fedha ya kuonyesha. Hawker Hurricane nayo ilikuwa na kitambaa sehemu ya nyuma ya kiwiliwili. De Havilland Mosquito iliundwa kwa mbao. Ukiichubua kwa rangi ya fedha umeigeuza kuwa ndege nyingine. Kinyume chake, ndege nyingi za jeshi la nchi kavu la Japani, kama Ki-61, zilipakwa kijani moja kwa moja juu ya alumini tupu bila praima (rangi ya kwanza ya kushikilia zile za juu), na rangi ikabambuka kwa mapande makubwa. Hapo ruksa kuchubua kwa wingi, na njia nzuri ni hii: paka rangi ya fedha, ifunike kwa vanishi, pulizia dawa ya nywele, paka kijani cha akriliki (rangi inayozimuliwa kwa maji), halafu baada ya muda mfupi lowesha kwa maji na usugue kwa brashi ngumu. Dawa ya nywele inayeyuka, na kijani kinatoka kwa umbo ambalo mkono wako usingeweza kulichora.

Ya kwako haijaharibika. Paka tena rangi ya msingi, nyembamba, juu ya madoa yaliyo mahali pasipo na sababu, uyaache machache yenye sababu.

Nilizimua rangi ya enameli (yenye asili ya mafuta) nikaipitisha kwenye mistari ya maungio ili ijitokeze. Rangi ya chini ikayeyuka yote. Kwa nini?

Kwa sababu rangi ya chini nayo ilikuwa enameli, na kiyeyushi kimoja hakichagui tabaka. Panga tabaka zako ili kila moja isiijue iliyo chini yake: rangi ya msingi ya akriliki, juu yake vanishi ya akriliki inayong'aa, uipe siku nzima ikauke, ndipo upitishe rangi ya mafuta ya wachoraji iliyozimuliwa kwa spiriti nyeupe. Spiriti nyeupe haiisumbui akriliki iliyokauka vizuri. Thina kali ya laka itakula kila kitu, usiilete hapo.

Gusa mstari kwa ncha ya brashi, rangi itatembea yenyewe kwenye mfereji. Ikianza kukauka, futa ziada kwa kitambaa kisicho na nyuzi ukifuata mwelekeo wa upepo, yaani kutoka mbele kwenda nyuma. Chochote kitakachobaki kitaonekana kama mchirizi wa asili. Na tafadhali usitumie nyeusi tupu. Kwenye ndege ya kijivu tumia kijivu kilichokolea, kwenye ya kijani tumia kahawia iliyokolea. Mistari myeusi huifanya ndege ionekane kama mchoro wa ramani.

Stika za maji zinabaki na ukungu mweupe pembeni. Nimekosa nini?

Umeziweka juu ya rangi isiyong'aa. Uso huo ni mkwaruzo mtupu ukiutazama kwa karibu, na hewa inanaswa chini ya stika. Paka vanishi ya kung'aa kabla, tumia maji ya kulainisha stika, na ung'aavu uuondoe mwishoni kabisa kwa vanishi kavu.

Shikamoo mwalimu. Sina kompresa wala brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi. Je, naweza kupata modeli nzuri kwa brashi ya kawaida?

Marahaba mwanangu. Unaweza, na usikubali mtu akukatishe tamaa. Modeli nzuri sana zilipakwa kwa brashi kabla brashi ya hewa haijawa kitu cha kawaida mezani. Tafuta brashi bapa, laini, pana kiasi, na uizimue rangi mpaka tabaka la kwanza likutie wasiwasi kwa jinsi lisivyofunika. Liache likauke kabisa. La pili lipige kukata la kwanza, la tatu vivyo hivyo. Kosa la wanaoanza ni kurudi na brashi kwenye rangi iliyoanza kukauka. Hapo ndipo alama za nywele zinapozaliwa. Ukiona kasoro, iache, utaipiga msasa laini wa namba 2000 kesho.

Brashi yangu ya hewa inatema rangi kavu kama unga, uso unakuwa kama ganda la chungwa. Niongeze hewa?

Hapana. Rangi inakauka kabla haijafika. Izimue iwe kama maziwa, sogea karibu, na kwa sindano ya milimita 0.3 anza na presha kati ya bar 1 na 1.4. Kila mara jaribu kwenye kipande cha plastiki kwanza. Na ukipuliza laka, barakoa ya kuchuja mvuke na dirisha wazi si hiari.

Nimetumia rangi yenye namba sahihi kabisa, lakini modeli ni nyeusi mno kuliko picha za ndege halisi.

Ndege halisi tunaitazama kwa mbali, na hewa iliyo katikati huipausha. Modeli iko mkononi mwako. Ongeza matone ya nyeupe au kijivu hafifu kwenye rangi ya msingi, mengi kidogo kwa 1/72 na machache kwa 1/32. Kumbuka pia jua: rangi ya buluu ya ndege za jeshi la majini la Marekani zilizokuwa Pasifiki ilipauka ikaelekea kijivu, hasa sehemu za juu. Namba ya kwenye chupa ni rangi ya siku ndege ilipotoka kiwandani.

Milia nyeupe na nyeusi iliyopakwa kwenye ndege za Washirika kwa ajili ya uvamizi wa Normandy ina upana gani, na kingo zake ziwe safi kiasi gani?

Kwa ndege za injini moja kila mlia ulikuwa inchi 18, yaani milimita 457, na ilikuwa mitano: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Kwa 1/72 kata tepu ya milimita 6.35, kwa 1/48 milimita 9.5. Ndege za injini mbili zilipewa inchi 24.

Kuhusu kingo, amri ilikuja siku chache tu kabla ya tarehe 6 Juni 1944, na vikosi vingi viliipaka milia hiyo kwa brashi, usiku na mchana. Picha zinaonyesha mistari iliyopinda na nyeupe isiyofunika. Kwa hiyo milia yako ikiwa imenyooka kama rula, ndiyo itakayotia shaka. Mimi huziba mlia kwa tepu, halafu naigusa kingo kwa mkono sehemu mbili tatu.

Moshi wa ekzosi niupake rangi gani? Nimepaka mweusi, hauniridhishi.

Umenipa swali ninalolipenda. Petroli ya ndege za vita vya pili ilikuwa na risasi, na risasi iliyoungua huacha mabaki ya kijivu hafifu. Injini ikipewa mafuta mengi kuliko hewa, inatoa masizi meusi; ikipewa hewa zaidi, doa linakuwa kijivu au hudhurungi iliyopauka. Tazama picha za Lancaster kutoka juu: nyuma ya injini, juu ya bawa, kuna njia ndefu zenye weupe-weupe katikati na giza pembeni.

Kwa hiyo anza na kahawia nyeusi iliyozimuliwa sana, karibu maji matupu, upulize mchirizi mpana unaofifia kuelekea nyuma. Rudia mara nyingi, hafifu kila mara. Kisha kijivu chenye udongo kidogo, chembamba, katikati tu. Moshi hufuata hewa, nao hupanda na kupinda unapokutana na shina la bawa. Usiuchore mstari ulionyooka. Asiye na brashi ya hewa atumie unga wa pasteli uliosagwa, aupake kwa brashi kavu.

Injini za duara, kama ya F4U Corsair, zina jambo jingine: zilivuja mafuta. Oili ilichirizika chini ya tumbo kwenda nyuma. Hiyo iache ing'ae kidogo hata baada ya vanishi kavu, maana oili hailali ikawa vumbi.

Ndege yangu ni ya alumini. Kutu niipake wapi?

Popote usiipake. Alumini haipati kutu nyekundu. Mabomba ya ekzosi, ambayo ni ya chuma, ndiyo yanayostahili wekundu wa moto na kahawia.

Nataka P-51D ya chuma kitupu, inayong'aa mwili mzima. Nianzie wapi?

Anzia kwa kuacha hilo la mwili mzima. Mabawa ya P-51D yalizibwa maungio kwa puti kiwandani, yakapigwa msasa na kupakwa rangi ya fedha ili hewa ipite bila kusumbuliwa. Kwa hiyo ziba sehemu kubwa ya mistari ya bawa, upake fedha ya kawaida isiyong'aa sana, na kiwiliwili ndicho kiwe chuma kitupu. Kwa kiwiliwili weka nyeusi ya kung'aa, laini kama kioo, kwa sababu rangi ya chuma hufichua kila mkwaruzo ulio chini yake. Juu yake pulizia rangi ya alumini tabaka nyembamba, halafu ziba paneli chache uzibadilishe toni kidogo tu.

Tepu niliyozibia kioo cha rubani kisipate rangi niitoe lini?

Baada ya vanishi kavu ya mwisho, siyo kabla. Pitisha ncha ya kisu kwenye kingo ili rangi isinyanyuke, vuta tepu taratibu ikiwa imekunjwa kurudi nyuma. Na kioo ukishike kwa gundi nyeupe, kwa sababu mvuke wa supaglu hukitia ukungu kwa ndani, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki.