Nivinunue vichwa hivi vya treni?

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa Dodoma kuna mtu anauza vichwa viwili vya treni za mfano, Märklin (kampuni ya Kijerumani) vya zamani, saizi ya HO (kipimo cha 1:87). Reli zangu ni za HO, mbili tu, mkondo mnyoofu (DC) wa volti 12. Nivinunue? – Msomaji, Kikuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa reli hizo, usinunue. Upana ni uleule, milimita 16.5, lakini hivyo huchukua umeme katikati ya njia, na magurudumu yake yanapitisha umeme upande hadi upande: utapiga shoti. Tafuta vya reli mbili. Bodi ya zinki iliyovimba au yenye nyufa iache, haitibiki. Grisi iliyoganda isikutishe, husafishika. Mimi navipenda vya zamani: bisibisi tu, unabadilisha brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota. Ila kiwashwe mbele yako kwanza.