Mama asiache tamoksifeni kabla ya kumwona daktari

Dada wa Ngamiani, mfikishie mama shikamoo yangu. Nimeelewa kwamba baada ya kupasuliwa titi kwa saratani ameandikiwa dawa ya tamoksifeni kwa miaka 5, na sasa anataka kuiacha kwa sababu ya joto la ghafla linalomkosesha usingizi. Majibu yake ya maabara yanaonyesha uvimbe ulikuwa na vipokezi vya estrojeni (homoni ya kike), yaani protini zinazoongoza unakili wa jeni: homoni ikizifikia, hushika DNA ndani ya kiini cha seli na kuwasha jeni zinazoiamuru seli ya saratani igawanyike. Tamoksifeni hukalia nafasi ya homoni hiyo, mfano wa ufunguo unaoingia kitasani lakini hauzunguki, kwa hiyo kujisikia mzima si sababu ya kuiacha. Shangazi yangu, niliyemuuguza, alipata nafuu ya joto kama hilo kwa kulala na kanga nyepesi na kupunguza chai ya usiku, ingawa joto la Tanga la Januari halina huruma. Daktari aelezwe dawa zote anazotumia, kwani fluoksetini, dawa ya sonona, kwa mfano, huweza kudhoofisha tamoksifeni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikimbana ghafla, au akitokwa na damu ukeni ilhali hedhi ilikwisha koma, mpelekeni hospitali ya Bombo bila kungoja kliniki.