Binti wa miaka 17 hajavunja ungo, na kromosomu zake ni XY

SWALI: Binti yangu ana miaka 17. Matiti yameota vizuri lakini hajavunja ungo. Ultrasaundi imeonyesha hana mji wa mimba, na kuna tezi mbili kwenye kinena. Kipimo cha kromosomu kimetoka 46,XY, ambayo kwa kawaida ni ya wanaume, na testosteroni yake ni ya kiwango cha mwanamume. Tumeambiwa tezi zitolewe mwezi huu kabla hazijageuka saratani. Je, mwanangu ni mvulana? Mdogo wake wa kike, wa miaka 6, aliwahi kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena; kuna uhusiano?

JIBU: Mama, kwa majibu hayo hakuna sababu ya kukimbilia upasuaji mwezi huu. Yanaelekea sana kwenye hali iitwayo CAIS kwa kifupi, ambapo seli za mwili haziitikii kabisa homoni za kiume.

Kromosomu Y ilizifanya tezi zake ziwe korodani akiwa bado tumboni mwako. Korodani hutoa homoni mbili muhimu. Moja, AMH, huzuia mji wa mimba na mirija yake isiumbike. Hiyo ilifanya kazi. Ya pili ni testosteroni, ambayo haina nguvu isipopata kipokezi chake ndani ya seli. Jeni ya kipokezi hicho, AR, iko kwenye kromosomu X. Ikiwa na hitilafu, testosteroni hujaa kwenye damu bila kusikika popote, na maumbile ya nje huwa ya kike. Alipobalehe, mwili uligeuza sehemu ya testosteroni hiyo kuwa estrojeni, homoni ya kike, na matiti yakaota.

Binti yako ni msichana. Amezaliwa na kulelewa hivyo, na walio wengi kabisa wenye CAIS hujitambua kuwa wanawake. Hatapata hedhi wala kubeba mimba, na hilo linauma, lakini anaweza kuwa na ndoa na maisha ya tendo la ndoa.

Kabla ya lolote, ugonjwa uthibitishwe. Muulize daktari kuhusu nywele za kwapani na za sehemu za siri: kwenye CAIS huwa chache mno au hazipo. Kama sauti inakuwa nzito au kisimi kimekua, hiyo si CAIS kamili, na uamuzi wote unabadilika. Kipimo cha jeni ya AR kinasaidia sana kikipatikana.

Hofu ya saratani, nadhani, inatokana na kuchanganya hali mbili. Iko hali nyingine ya XY, ugonjwa wa Swyer, ambapo mji wa mimba upo, matiti hayaoti yenyewe, na tezi zisizokomaa hupata uvimbe mara nyingi. Hizo hutolewa mapema. Kwenye CAIS hatari kabla na wakati wa balehe ni ndogo sana, takriban asilimia 1 au 2, ingawa huongezeka ukubwani. Ndiyo maana madaktari wengi husubiri balehe ikamilike, kisha mhusika mwenyewe akaamua. Akizibakiza, afuatiliwe kila mwaka. Zilizo kinenani huonekana kwa ultrasaundi; zilizo ndani ya tumbo huhitaji MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

Akizitoa, estrojeni yake inakatika siku hiyohiyo. Asipoanzishiwa dawa mara moja, mifupa huanza kupungua nguvu, na kwenye hali hii mara nyingi tayari ni myepesi kuliko kawaida. Kwa kawaida hupewa estradioli, aina ya estrojeni, mfano kidonge cha miligramu 1 hadi 2 kila siku, hadi karibu umri wa miaka 50. Projesteroni haihitajiki, kwa sababu hana mji wa mimba wa kulinda. Aombewe pia kipimo cha uzito wa mifupa.

Uke wake huenda ni mfupi. Dawa ya kwanza ni vifaa laini vya kuutanua, dakika 15 hadi 20 kila siku kwa miezi kadhaa, na ni pale tu atakapotaka yeye. Upasuaji wa uke usiwe hatua ya kwanza.

Naomba sana: mwambieni ukweli. Wasichana wengi waliambiwa wametolewa "uvimbe", wakaja kusoma wenyewe kwenye mafaili yao. Wakapoteza imani kwa wazazi na madaktari kwa pamoja. Mwelezeni kidogo kidogo, mshauri nasaha akiwepo, na sahihi ya upasuaji isiwekwe kabla hajaelewa.

Kuhusu mdogo wake: ndiyo, uhusiano unaweza kuwepo. Korodani zikishuka kinenani huvuta ngiri, na kati ya wasichana 100 wenye ngiri hiyo, mmoja au wawili huwa na CAIS. Takriban theluthi mbili ya wenye CAIS hurithi jeni ya AR yenye hitilafu kwa mama, bila kosa lolote la mama. Omba taarifa ya upasuaji ule, uone kama waliandika walichokuta ndani ya ngiri na kama kuna kilichotolewa, kisha apimwe kromosomu. Akitoka XX, yaani kromosomu za kawaida za kike, bado anaweza kuwa mbebaji wa jeni hiyo. Jeni hiyo apimwe atakapokuwa mkubwa wa kuamua, kabla hajapanga uzazi.